Sharti na Tabia: Uhakiki wa Mafumbo ya Kupanga Viti na Kuoanisha Visa katika Michezo ya Simu

Utangulizi

Katika taaluma ya fasihi simulizi ya Kiswahili, chemshabongo huorodheshwa pamoja na vitendawili, hutolewa mfano mmoja au miwili, kisha mhakiki huendelea na ngano au ushairi. Utaratibu huo umeufanya utanzu huu uonekane kuwa mazoezi ya akili tu, usio na wahusika wala dhamira inayostahili kuchambuliwa. Wakati huohuo, chemshabongo imehamia kwenye simu ya mkononi na kupata sura mpya. Mchezaji huonyeshwa viti vitupu, au fremu tupu za kisa, pamoja na kundi la wahusika. Kazi yake ni kumweka kila mhusika mahali pake hadi mpangilio mzima uafikiane na maneno aliyopewa.

Makala haya yanachunguza michezo miwili ya aina hiyo. Wa kwanza ni Is This Seat Taken?, uliotolewa mwaka 2025 na Poti Poti Studio ya Barcelona, ambamo abiria na wageni hupangiwa viti. Wa pili ni Storyteller wa Daniel Benmergui, mbunifu kutoka Argentina. Mchezo huo ulipata tuzo ya Nuovo katika Independent Games Festival mwaka 2012 ukiwa bado haujakamilika, ukachapishwa na Annapurna Interactive mwaka 2023, na baadaye ukafika kwenye simu kupitia Netflix. Swali linaloongoza uhakiki ni hili: mchezaji anapofaulu hatua moja ya michezo hii, je, amesoma kisa au amehesabu nafasi? Ikiwa amehesabu tu, basi michezo hii ni mali ya somo la hisabati na mhakiki wa fasihi hana sababu ya kuigusa. Ikiwa amesoma, itatubidi tuipe chemshabongo nafasi kubwa kuliko aya moja inayopewa katika vitabu vyetu vya kiada.

Mbuzi anayerudishwa

Kigezo cha kujibia swali hili hakihitaji kuagizwa kutoka mbali. Wasemaji wengi wa Kiswahili walilisikia utotoni fumbo la mtu mwenye chui, mbuzi na majani, anayetaka kuvuka mto kwa mtumbwi unaobeba kimoja tu kati ya hivyo pamoja naye. Fumbo hili lina ndugu zake katika nchi nyingi. Ulaya hutajwa mbwa mwitu na kabichi, lakini mifupa ni ileile. Suluhisho lina safari 7. Mbuzi huvushwa kwanza, na mwenye mtumbwi hurudi peke yake. Humvusha chui, akarudi na mbuzi. Humwacha mbuzi, akavusha majani, akarudi mtupu. Mwisho humchukua mbuzi.

Tukilitazama fumbo hilo kwa jicho la fani, mambo mawili yanajitokeza. La kwanza ni kwamba fanani hahitaji kutamka masharti. Akisema “chui” na “mbuzi”, hadhira inajua nani hawezi kuachwa na nani. Sharti limo ndani ya mhusika. Ni tabia yake iliyogeuzwa kuwa kanuni. La pili ni kwamba safari ya 4, ambapo mbuzi aliyekwishavushwa anarudishwa alikotoka, ndiyo inayowashinda wengi. Akili inaikataa kwa sababu inaonekana kama kuharibu kazi iliyokwishafanyika. Hapo ugumu wa fumbo na kilele cha kisa vimekutana katika tendo moja: msikilizaji anayekwama, anakwama mahali palepale ambapo mwenye mtumbwi naye angekwama.

Kutokana na mfano huu tunapata kipimo. Fumbo la mpangilio lina thamani ya kifasihi kwa kadiri ambavyo sharti lake linatokana na tabia, na kwa kadiri ambavyo hatua ngumu ya utatuzi ni hatua nzito ya kisa. Sharti lisilotokana na tabia tutaliita sharti la kubandikwa.

Mfano mashuhuri wa sharti la kubandikwa ni fumbo la pundamilia, lililochapishwa katika jarida la Life International tarehe 17 Desemba 1962. Kuna nyumba 5 za rangi tofauti, wenyeji 5 wa mataifa tofauti, vinywaji 5, sigara 5 na wanyama 5. Mnorwe anaishi nyumba ya kwanza, maziwa yanakunywewa nyumba ya katikati, na kadhalika, hadi swali la mwisho: nani anakunywa maji, na nani ana pundamilia? Mipangilio inayowezekana kabla ya kutumia masharti ni 24,883,200,000, na masharti yanaipunguza hadi mmoja tu. Ni kazi safi ya mantiki. Hata hivyo, hakuna uhusiano wowote baina ya maziwa na nyumba ya katikati, wala baina ya Mjapani na pundamilia wake. Ukibadilisha maziwa kwa chai na Mnorwe kwa Mganda, hakuna kinachotikisika. Fumbo hili huhusishwa mara nyingi na Einstein, bila ushahidi. Labda jina kubwa linahitajika pale ambapo wahusika wenyewe hawana uzito.

Gari la viti sita

Is This Seat Taken? umesimama kati ya chui na pundamilia. Wahusika wake ni maumbo ya jometri, yaani duara, mraba, pembetatu na mengineyo, yenye nyuso na mikono. Kila mmoja ana matakwa yake kuhusu mahali pa kukaa. Mmoja anataka dirisha, mwingine hataki kuwa karibu na mtu anayenuka, mwingine anataka kuwa na rafiki yake. Hakuna saa inayomharakisha mchezaji. Anambeba mhusika kwa kidole, anamweka kitini, na uso wa mhusika unaonyesha kama ameridhika.

Ili kuonyesha namna hatua ya aina hii inavyotatuliwa, tumeunda mfano wetu wenyewe unaofuata kanuni hizo. Gari lina safu 3, kila safu ina kiti cha dirishani na kiti cha njiani. Abiria ni 6: mzee, bibi harusi, mvuvi, kijana mwenye muziki, mama na mtoto. Mzee anataka safu ya mbele kwa sababu ya magoti, anataka dirisha, na hataki muziki katika safu yake wala katika safu inayoifuata. Mvuvi anataka dirisha ili apate upepo. Bibi harusi hataki kukaa ubavuni mwa mvuvi. Mtoto anataka dirisha, na mama lazima awe kando ya mtoto.

Abiria 6 katika viti 6 wanaweza kupangwa kwa namna 720. Mchezaji asiye na mazoea huanza na mzee, kwa kuwa ana masharti mengi, kisha hujaribu mmoja mmoja. Njia fupi ni kuhesabu madirisha. Wanaotaka dirisha ni watatu, na madirisha ni matatu. Hivyo basi bibi harusi, kijana na mama wote wako njiani, na kila mmoja wao ameoana na mtu mmoja wa dirishani. Mama yuko na mtoto. Bibi harusi hawezi kuwa na mvuvi, kwa hiyo yuko na mzee, safu ya mbele. Kijana anabaki na mvuvi. Kwa kuwa muziki hauruhusiwi safu ya pili, mvuvi na kijana wanakwenda nyuma kabisa, na mama na mtoto wanakaa katikati. Mpangilio ni mmoja tu, na ukiondoa sharti lolote kati ya yale saba, isipokuwa lile la bibi harusi, upekee huo unapotea.

Je, hapo tumesoma au tumehesabu? Masharti haya si ya kubandikwa kama ya pundamilia. Magoti ya mzee, nguo ya bibi harusi na kazi ya mvuvi ni mambo ya watu, na msomaji anayaelewa bila kuelezwa. Lakini ufunguo wa utatuzi ulikuwa idadi ya madirisha, si tabia ya mtu yeyote. Mara tu mchezaji alipogundua kwamba tatu ni tatu, watu waligeuka kuwa alama. Hii ndiyo hali ya hatua nyingi za Is This Seat Taken?: mlango wa kuingilia ni wa fasihi, wa kutokea ni wa hesabu.

Kuna jambo zito zaidi, nalo halionekani hadi fumbo litatuliwe. Kijana katika mfano wetu hana sharti hata moja. Yeye ni sharti la mwenzake. Matokeo yake ni kwamba amepelekwa safu ya nyuma, ubavuni mwa mtu ambaye bibi harusi amemkataa, na hakuna mahali popote fumbo linapomuuliza kama ameridhika. Mvuvi naye ana takwa moja dogo, lakini harufu yake, ambayo ni alama ya kazi inayomlisha, imeingizwa katika fumbo kama kero ya watu wengine. Asiyedai ndiye anayehamishwa. Kanuni hii haikuwekwa kwa makusudi. Inatokana na mantiki yenyewe ya utanzu: mhusika mwenye masharti mengi huwekwa kwanza, na mwenye masharti machache hujaza pengo. Mtu aliyewahi kupanga wageni ukumbini siku ya harusi anaijua kanuni hiyo kwa vitendo, na anajua pia ni shangazi gani ambaye kila mwaka huishia karibu na mlango wa jikoni.

Mchezo wa Poti Poti Studio unawatendea wahusika wake kwa upole na ucheshi, na hilo ni sifa yake. Hata hivyo, anayenuka katika basi ni anayenuka tu. Hatua ikiisha, ametoweka. Kuna kisa kirefu cha Nat, mwenye umbo la rombasi, anayetamani kuwa mwigizaji wa filamu, lakini kisa hicho husimuliwa baina ya hatua na hatua, kama tangazo la redio baina ya nyimbo. Viti havimjui Nat, na Nat hajifunzi chochote kutoka kwenye viti. Hapa ndipo tunapoona udhaifu mkubwa wa kazi hii: ina kisa na ina fumbo, lakini vimekaa safu tofauti.

Fremu tupu

Storyteller unageuza viti kuwa fremu. Mchezaji anafungua ukurasa wa kitabu. Juu kuna kichwa kinachosema kisa kinachotakiwa, katikati kuna fremu tupu, chini kuna wahusika na maonyesho kama vile ndoa na kifo. Anachagua onyesho, analiweka katika fremu, kisha anawaweka wahusika ndani yake. Tofauti yake na gari letu ni kwamba fremu zina mfuatano. Anayewekwa katika fremu ya kwanza anaingia katika ya pili akiwa amebeba yaliyompata.

Tuchukue kichwa kinachotaka mtu aliyevunjika moyo aishie katika furaha. Tuna Edgar, Lenora na Isobel. Mchezaji anaweza kuweka ndoa ya Edgar na Lenora, kisha kifo cha Lenora mbele ya Edgar, kisha ndoa ya Edgar na Isobel. Sasa abadilishe mahali pa kifo, akiweke mwisho. Ndoa ya pili haifungiki, kwa sababu Edgar bado anampenda mke aliye hai, na sura yake inaonyesha kukataa. Amwondoe Edgar katika fremu ya kifo: Lenora anakufa bila Edgar kushuhudia, na moyo wake hauvunjiki kwa namna ambayo kichwa kinataka. Kila kosa la mpangilio ni kisa kingine kamili, ila si kile kilichoombwa.

Hili ndilo linaloutofautisha mchezo huu na wa viti. Katika gari, kosa ni uso uliokunjamana. Katika Storyteller, kosa lina maana. Mchezaji anayeshindwa ametunga hadithi ya mwanamume mwaminifu aliyemkataa Isobel, na huenda hadithi hiyo ikamvutia kuliko ile aliyoagizwa. Tunaona kwamba hapa sharti na tabia vimekuwa kitu kimoja, kama kwa chui na mbuzi. Hakuna kanuni iliyoandikwa kwamba aliyeoa hawezi kuoa tena. Kuna Edgar, na tunamwona akikataa. Msomaji wa pwani au wa bara anaweza kuuliza, kwa haki kabisa, kwa nini Edgar asiwe na wake wawili. Mchezo hauna jibu. Maadili ya ndoa yaliyomo ndani yake ni ya hadithi za Ulaya, na yamejengwa ndani ya fumbo kiasi kwamba asiyeyajua atalazimika kujifunza desturi kabla ya kufaulu. Kwa kiasi hicho, kutatua ni kusoma utamaduni wa mtu mwingine.

Mwanafunzi wa fasihi atamkumbuka Vladimir Propp, ambaye mwaka 1928 alionyesha kwamba ngano za Kirusi za miujiza zina majukumu 31 yanayofuatana kwa mpangilio usiobadilika, na kwamba nani anatekeleza jukumu si muhimu kama jukumu lenyewe. Storyteller unaafiki nusu ya kwanza ya hoja hiyo na kuikanusha nusu ya pili. Mpangilio ndio uhai wa kisa, ni kweli. Lakini mweke mhusika mwingine katika fremu ileile na tendo linabadilika, kwa kuwa historia aliyokuja nayo si ile ya mwenzake. Katika suala hili, mchezo mdogo wa simu unamjibu Propp kwa ufasaha kuliko tasnifu kadhaa ambazo zimezitumia nadharia zake kwa kuhesabu majukumu tu na kuyaweka katika jedwali.

Pamoja na sifa hizo, mchezo ni mfupi, na wahusika wake hawasafiri kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Edgar aliyefiwa katika ukurasa huu anaamka akiwa kijana mzima katika ukurasa ujao. Kumbukumbu ipo ndani ya kisa, haipo ndani ya kitabu.

Uso unaojibu

Jambo moja la utendaji linastahili kutajwa, kwa kuwa linaamua kama mchezaji atasoma kweli au atabahatisha. Katika jadi ya vitendawili, fanani ndiye mwenye jibu. Hadhira ikisema “tega”, ikashindwa, inatoa mji, na fanani anaupokea kwa madaha kabla ya kufichua. Kubahatisha kunawezekana, lakini kunafanyika mbele ya watu na kuna aibu yake.

Simu haina aibu. Nyuso za Is This Seat Taken? hujibu papo hapo, na kwa hatua ndogo mchezaji anaweza kuhamisha watu hadi wote watabasamu, bila kusoma takwa hata moja hadi mwisho. Katika The Case of the Golden Idol, mchezo wa kipelelezi wa mwaka 2022 kutoka Latvia ambamo mchezaji hujaza majina na matendo katika maelezo yenye mapengo, mbinu ni tofauti: mchezo humwambia mchezaji tu kwamba makosa yake hayazidi mawili, bila kusema ni yapi. Anajua yuko karibu, hajui ni wapi amekosea, na analazimika kurudi kwenye ushahidi. Mbinu hiyo ina ukali wa fanani anayesema “bado” na kunyamaza. Storyteller hujibu papo hapo kama mchezo wa viti, lakini kwa kuwa jibu lake ni tendo la mhusika na si tabasamu, anayebahatisha bado anasoma, hata kama hakukusudia.

Safari ya kurudi

Kipimo tulichokiweka kinaweza kutumiwa kurekebisha mfano wetu wenyewe. Tuseme gari lilelile linarudi jioni na abiria walewale, na kwamba fumbo linakumbuka asubuhi. Kijana amekaa safari nzima na mvuvi. Mvuvi amemwomba apunguze sauti ya muziki, naye amepunguza. Sharti la mzee kuhusu muziki halina kazi tena. Mengine yote yamebaki: magoti, madirisha matatu, mama na mtoto, na bibi harusi ambaye bado hataki kuwa ubavuni mwa mvuvi.

Tukitatua upya, mzee na bibi harusi wanabaki mbele. Mama na mtoto wanaweza kuwa katikati au nyuma, na vivyo hivyo mvuvi na kijana. Mipangilio ni miwili, yote miwili ni sahihi, na hakuna hesabu itakayochagua kati yake. Mchezaji anayeugusa uso wa kijana kwa kidole, akitafuta sharti, atakuta bado hana. Itambidi aamue mwenyewe kama atamwacha nyuma pamoja na mvuvi, au atawasogeza safu moja mbele.